Itifaki yenyewe nyepesi, vifaa ndo vina maneno

Kuna programu huria ambayo mimi na wenzangu kadhaa tunaichangia, kazi yake ni kukusanya vipimo, kuvihifadhi kwenye databesi na kuchora grafu, na kwa muda mrefu ilikuwa inajua kusoma vyanzo vya kawaida tu, faili, seva za wavuti, MQTT (njia ya vifaa kutumiana ujumbe), basi. Ila maombi ya watu yalikuwa yaleyale: nina mita ya umeme, nina inveta, nina kidhibiti cha pampu, vyote vina sehemu mbili za kufunga waya zimeandikwa A na B, naviunganishaje na programu yenu? Nikajitolea kuongeza Modbus, itifaki (yaani lugha ya mawasiliano) ambayo vifaa vingi vya namna hiyo vinaitumia. Haya ni yale niliyokutana nayo huko, naandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kufanya kitu kama hicho kwenye mradi wake, iwe Modbus au itifaki nyingine ya viwandani, maana tabia zao zinafanana sana.

Kwanza kwa nini Modbus na si nyingine. Modbus ilitolewa na Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya PLC zao (kompyuta ndogo za kuendesha mitambo), yaani ina umri mkubwa kuliko watu wengi wanaoihangaikia leo, na haina uzuri wowote wa kujivunia. Ila kifaa chochote cha kiwandani ukikifungua mwongozo wake, nafasi ya kuikuta ni kubwa. Na kitu kilichonishawishi zaidi ni waraka wake: upo bure kwenye tovuti ya Modbus Organization, unaushusha na kuusoma. Viwango vingi vya viwandani vinauzwa, na kwenye mradi wa kujitolea huwezi kumwambia mwenzio anunue kwanza waraka ndo aje kukagua pachi yako (mabadiliko ya msimbo unayoomba yaingizwe), hatakagua, na pachi isiyokaguliwa inaoza. Kwa hiyo ukiwa unachagua itifaki ya kuanza nayo, angalia kwanza kama wakaguzi wako wataweza kuusoma waraka uleule unaousoma wewe.

Swali lililofuata ni tuandike wenyewe au tuchukue maktaba iliyopo. Kiukweli kwa wengi jibu ni chukua iliyopo, kwenye C kuna libmodbus, kwenye Python kuna pymodbus, cheki leseni kama inakaa sawa na ya mradi wako (libmodbus ni LGPL, pymodbus ni BSD) halafu endelea na maisha. Sisi tuliandika wenyewe kwa sababu programu yetu yote inaendeshwa na kitanzi kimoja cha matukio, yaani mzunguko mmoja unaoshughulikia kila kitu kwa zamu, na maktaba inayosimama kusubiri jibu ingegandisha kila kitu mpaka jibu lije. Kuandika fremu zenyewe, yaani vifungu vya baiti vinavyotumwa kwenye waya, siyo kazi ya kutisha hata kidogo.

Cheki ombi lenyewe lilivyo, hili ni la kusoma rejista 10 (vijisehemu vya kumbukumbu vyenye namba, ndimo kifaa kinapoweka vipimo vyake) kutoka kifaa namba 1:

01 03 00 00 00 0A C5 CD

Baiti 8 tu, zimeandikwa kwa heksa, yaani hesabu ya msingi wa 16. Ya kwanza ni anwani ya kifaa, ya pili ni kazi unayoiomba, 03 maana yake soma rejista, zinazofuata mbili ni rejista ya kuanzia, mbili nyingine ni idadi, na mbili za mwisho ni CRC ya kuhakikisha hakuna kilichoharibika njiani. Kifaa kikikataa kinarudisha namba ya kazi ileile ikiwa imeongezewa 80 ya heksa na sababu moja, mfano 01 83 02 C0 F1, hapo 02 maana yake hiyo anwani ya rejista uliyoomba haipo kwangu. Ndo hivyo tu, waraka wote wa itifaki una kurasa kama 50 na mifano ndani yake. Kero ndogo pekee ni kwamba data inatumwa baiti kubwa kwanza lakini CRC inatumwa baiti ndogo kwanza, ukishaijua unasonga mbele. Toleo la kwanza likasoma mita iliyokuwa mezani bila shida, na kuna waliosema hapo hapo kwamba tuingize kwenye tawi kuu, yaani msimbo rasmi wa mradi, tufunge mada. Nikaomba tusubiri watu wenye vifaa tofauti wajaribu kwanza.

Wakajaribu, na taarifa za kwanza zote zilikuwa za aina moja: programu inasoma, ila namba ni za ajabu.

Tatizo la kwanza ni la 40001. Mwongozo wa kifaa unakwambia volti iko rejista 40001, lakini kwenye waya hakuna kitu kinaitwa 40001, ile 4 ya mbele ni desturi ya zamani ya kuonyesha aina ya rejista, na kwenye fremu unatuma 0 kwa sababu hesabu inaanzia sifuri. Kungekuwa na desturi moja tungeishi kwa amani, sasa kuna miongozo inayoandika 40001, mingine inaandika 1, mingine inaandika 0, na yote inamaanisha mahali palepale, na kuna mingine inaandika 1 ikimaanisha 1 kweli. Kuna mwenzetu alitaka programu ikisie yenyewe, ikiona namba inazidi 40000 itoe 40001. Mi nilipinga na bado napinga, kwa sababu rejista halali zinafika mpaka 65535, kuna vifaa vinavyotumia anwani 40001 halisi kabisa, na ukikisia vibaya huyo mtumiaji hana njia ya kukwambia hapana. Tulichofanya ni kwamba kwenye faili la mipangilio unaandika namba ya kwenye waya, inayoanzia sifuri, na ukitaka kutumia desturi ya mwongozo wako unasema wazi kwa kuweka sehemu moja inayoitwa msingi. Ukikosea unapata jibu la rejista ya jirani, ndo maana tukaweka amri ndogo ya kusoma rejista kadhaa mfululizo na kuzionyesha zilivyo, mtu anaangalia kwa macho anajua volti iko wapi.

Tatizo la pili ndo lililokula muda mwingi. Rejista ya Modbus ni biti 16, kuanzia 0 mpaka 65535, na waraka hausemi namba kubwa zaidi ya hapo au zenye desimali zipangwe vipi. Kila mtengenezaji akajipangia. Chukua volti 230 kamili. Kama namba ya desimali ya biti 32 inaandikwa 43 66 00 00 kwenye heksa, na inakaa kwenye rejista mbili. Kifaa kimoja kinatuma 4366 kwanza halafu 0000, kingine kinaanza na 0000 halafu 4366, kingine kinageuza baiti ndani ya kila rejista. Ukiisoma ile ya pili kwa mpangilio wa kwanza unapata kama 2.4 ikiwa imegawanywa kwa 10 mara 41, ambayo kwenye grafu inaonekana sifuri tupu, mtu anasema umeme hakuna wakati taa inawaka. Ukisoma ile iliyogeuzwa baiti unapata namba yenye tarakimu 24. Afadhali hiyo ya pili maana inajitangaza yenyewe kwamba kuna shida, ile ya sifuri ndo mbaya kwa sababu inaonekana kama jibu.

Halafu kuna wasiotumia desimali kabisa, wanatuma 2305 na kwenye mwongozo ukurasa wa ndani huko wameandika gawa kwa 10. Na kuna namba hasi: kifaa cha kwenye chumba cha baridi kinasoma nyuzi 5 chini ya sifuri, kinatuma -50 kwa sababu kinazidisha kwa 10, na usipomwambia msomaji (ile sehemu ya programu inayosoma kifaa) kwamba hiyo namba ina alama, -50 inageuka 65486 na grafu yako inachora nyuzi 6548.6. Kwa hiyo kila kipimo kwenye mipangilio kikawa na vitu vinne, anwani, aina, mpangilio wa baiti, na kizidishi, na hakuna hata kimoja ambacho programu inakikisia. Watu walilalamika kwamba mipangilio ni mirefu. Ni mirefu kweli, ila ukishaiandika mara moja kwa kifaa fulani huigusi tena, na ndo maana baadaye tukaanza kukusanya maelezo ya vifaa kama faili za data tu, mchangiaji anayejua mita yake anatuma faili bila kuandika hata mstari mmoja wa programu. Huu uamuzi ndo naupenda kuliko yote tuliyofanya kwenye kazi hii. Kifaa kikija na kituko chake, kituko kinakaa kwenye faili la kifaa, hakiingii kwenye msimbo. Kabla ya hapo tayari kulikuwa na pachi zinazosema kama kifaa ni aina hii basi fanya hivi, na ukiziruhusu tatu nne za namna hiyo umeshapoteza mradi.

Sasa kuna jambo moja la muundo ambalo sidhani kama mtu anayetoka kwenye programu za wavuti angeliona mapema. Programu yetu ilijengwa kwa wazo kwamba kila chanzo kina muunganisho wake, kila kimoja kina ratiba yake, hakimjui mwenzake. Kwenye seva za wavuti hilo linafanya kazi vizuri. Kwenye RS-485, ndo zile nyaya za A na B, vifaa 20 vinakaa kwenye jozi moja ya nyaya na anayeruhusiwa kuongea kwa wakati ni mmoja tu, ni kama kikao chenye kipaza sauti kimoja na mwenyekiti ni wewe. Vyanzo viwili vikituma kwa pamoja fremu zinagongana, CRC zinakataa, na kwenye logi unaona makosa yanayokuja na kuondoka bila mpangilio, ukituliza kidogo yanaisha, ukiongeza kifaa yanarudi. Ilibidi tuvunje lile wazo: chanzo si kifaa tena, chanzo ni laini, na laini ndo inamiliki foleni ya maombi, vifaa vinajiandikisha kwenye foleni. Hiyo pachi ilikuwa kubwa kuliko ya Modbus yenyewe, na iligusa sehemu za programu ambazo hazihusiani na viwanda kabisa. Wasimamizi wa mradi walisita, na walikuwa na haki ya kusita. Tukaitenganisha: kwanza tukaleta foleni peke yake bila kutaja Modbus, ikakaguliwa kama maboresho ya kawaida, ikaingia, ikakaa toleo zima bila kuvunja kitu, ndo Modbus ikafuata juu yake ikiwa ndogo na rahisi kusoma.

Na ukishakuwa na foleni unaanza kuona muda unapotelea wapi. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja ikiwa na biti 11, ombi la baiti 8 linachukua milisekunde 9 na kitu. Jibu la rejista moja ni baiti 7, milisekunde 8. Kati ya fremu na fremu lazima kuwe na kimya cha herufi tatu na nusu, hapo ni milisekunde 4 kila upande. Jumla kama 25, na kifaa chenyewe hakijafikiria bado. Mtu ana vipimo 40 na anavisoma kimoja kimoja, imeisha sekunde nzima kwa kifaa kimoja. Zile rejista 40 ukiziomba kwa pamoja jibu lote ni baiti 85, chini ya milisekunde 100 kwenye waya. Itifaki inaruhusu mpaka rejista 125 kwa ombi moja, kwa hiyo kuunganisha maombi ndo kila kitu.

Ila hapo tena vifaa vina maneno. Vipimo vikiwa rejista 0 mpaka 9 halafu 14 mpaka 20, unashawishika kusoma 0 mpaka 20 zote na kutupa za katikati. Kuna vifaa vinavyokubali na kujaza sifuri, na vingine vinakataa ombi zima kwa ile 02 kwa sababu rejista 10 haipo. Tukaweka kwenye faili la kifaa ukubwa wa pengo unaoruhusiwa kurukwa, na chaguo-msingi likawa sifuri, yaani usiruke chochote mpaka mwenye kifaa aseme kinavumilia.

Na kwenye kuunganisha kuna sheria moja isiyojadiliwa: namba ya rejista mbili isikatwe kamwe ikasomwa kwa maombi mawili. Kulikuwa na grafu ya nishati iliyotumika, kitu ambacho siku zote kinapanda tu, halafu ghafla inashuka kutoka 131071 mpaka 65536 na sekunde chache baadaye inarudi 131072 kama hakuna kilichotokea. Ukiiandika kwa heksa unaielewa mara moja: 0001 FFFF ilikuwa inageuka kuwa 0002 0000, ombi la kwanza likachukua 0001 kabla ya kugeuka na la pili likachukua 0000 baada ya kugeuka, ukiziunganisha unapata 0001 0000. Ilitokea mara chache sana, na ndo aina ya hitilafu ambayo watu wataisingizia mita.

Kifaa kilichokufa nacho kina gharama yake. Ukiweka taimauti (muda wa kungoja jibu) ya sekunde 1 na majaribio matatu, kifaa kimoja kilichozimwa kinakula sekunde 3 kila mzunguko, na wenzake wote kwenye laini wanasubiri. Mtu anazima pampu moja kwa matengenezo halafu grafu za vifaa vingine vyote zinaanza kuwa na mapengo, anakuja kusema programu yenu imeharibika. Dawa ni kumwacha aliyenyamaza apumzike: akishindwa mara kadhaa tunamjaribu mara moja tu kila baada ya muda, muda unaongezeka mpaka kikomo, na akijibu anarudi kwenye ratiba yake ya kawaida. Na wakati hajibu tunaandika pengo kwenye databesi, hatuandiki sifuri wala haturudii namba ya mwisho. Hili la pengo lilibishaniwa sana, kuna waliosema grafu yenye mapengo inatisha wateja. Mi naona grafu inayosema pampu inatumia umeme wakati imezimwa ndo inatakiwa kumtisha mtu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nakiona ndo kibaya kuliko vyote kwenye Modbus ya waya, na sijakiona kikielezwa vya kutosha. Fremu ya RTU, ndo jina la hii Modbus ya waya, haina namba ya muamala. Jibu halisemi linajibu swali lipi, linasema tu mimi ni kifaa namba 1, kazi 03, hizi hapa data. Fikiria umeomba volti, kifaa kikachelewa, taimauti ikaisha, ukaenda kuomba ampea, na hapo ndo jibu la volti linafika. Anwani sawa, kazi sawa, urefu sawa, CRC safi kabisa. Programu inapokea volti na kuiandika kama ampea, na kuanzia hapo kila jibu linaweza kuwa la swali lililopita, mambo yote yamesogea hatua moja na hakuna kosa hata moja kwenye logi. Tuliipata kwa sababu mchangiaji mmoja alituma logi ya baiti ghafi zikiwa na muda wa kila moja, ukipanga maombi na majibu pembeni unaona jibu la kwanza linakuja baada ya ombi la pili. Tiba siyo moja. Kabla ya kutuma tunamwaga chochote kilichobaki kwenye bafa (hifadhi ya muda ya baiti zilizofika), baada ya taimauti tunangoja laini ikae kimya kwanza ndo tunaendelea, urefu wa jibu lazima ulingane na idadi tuliyoomba, na taimauti yenyewe tunaiweka ndefu kuliko mtu anavyotamani. Taimauti fupi inaonekana ni ujanja wa kuongeza kasi, kumbe ndo inayoleta hii balaa.

Kuhusu ule muda wa kimya wa herufi tatu na nusu, waraka unasema ndo unaoonyesha fremu imeisha. Ukiwa ndani ya kifaa kidogo chenye chipu yako mwenyewe, sawa. Ukiwa kwenye kompyuta na adapta ya USB, sahau. Kuna chipu za adapta zinazokaa na baiti mpaka milisekunde 16 kabla ya kuzipeleka juu, na kwa 9600 kimya chenyewe ni milisekunde 4, sasa utapima nini hapo. Uzuri ni kwamba anayeuliza anajua urefu wa jibu: kwa kazi 03 baiti ya tatu inakwambia data ni ngapi, na jibu la kukataa siku zote ni baiti 5. Soma kwa urefu, hakiki kwa CRC, ukikosa acha taimauti ifanye kazi yake. Msimbo wa kupima kimya tuliufuta wote na hakuna aliyeuliza umeenda wapi.

Modbus ya TCP, yaani ile inayopita kwenye mtandao wa kompyuta, ni rahisi zaidi, inatumia poti 502, haina CRC, na ina namba ya muamala kwa hiyo ile balaa ya majibu yaliyochelewa inakwisha ukiikagua, nasisitiza ukiikagua. Cha kuangalia ni kwamba TCP ni mkondo, fremu inaweza kuja nusu sasa na nusu baadaye, au mbili zikaja zimeshikana, kwa hiyo soma baiti 6 za mwanzo, chukua urefu, subiri mpaka zitimie. Kwenye mtandao wa ndani mezani utadhani hii haitokei. Jingine ni getiwei, kile kiboksi kinachounganisha mtandao na laini ya RS-485: nyuma yake kuna laini ileile ya kipaza sauti kimoja, kwa hiyo foleni bado unaihitaji, na vingi vinakubali miunganisho michache tu kwa wakati mmoja, ukifungua mmoja kwa kila kifaa cha nyuma yake vinakufungia mlango.

Majaribio. Simuleta, yaani programu inayojifanya kifaa, tuliandika, na inasaidia kwenye kila pachi, ila simuleta iliyoandikwa na mtu yuleyule aliyeandika msomaji inaamini kila anachoamini yeye. Akidhani rejista ya juu inakuja kwanza, pande zote mbili zinadhani hivyo na testi zinapita kijani kibichi. Zilizotusaidia kweli ni rekodi za baiti kutoka kwa vifaa halisi. Tukaongeza swichi moja ya kuandika kila baiti inayotoka na kuingia pamoja na muda, na kwenye fomu ya kuripoti hitilafu tukaomba mambo matatu: hiyo rekodi, ukurasa wa mwongozo wenye orodha ya rejista, na kile kilichoandikwa kwenye kioo cha kifaa chenyewe muda uleule. Hilo la tatu linadharauliwa lakini linamaliza mabishano, kioo kinasema 231.4, baiti hizi hapa, kilichobaki ni kutafuta mpangilio gani unatoa 231.4. Kila rekodi tuliyopewa ruhusa kuitumia ikawa testi, na hizo testi zinabaki kufanya kazi hata mwenye kifaa akiwa ameshakiuza. Nusu ya ripoti zilizobaki, kabla hata ya rekodi, zilikuwa nyaya: kimya kabisa, badilisha A na B kwanza maana watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, halafu hakikisha hakuna vifaa viwili vyenye anwani 1, ambayo ndo vingi vinatoka nayo kiwandani.

Kuandika, yaani kutuma amri kwenye kifaa badala ya kusoma, ndo ulikuwa mjadala mrefu kuliko yote. Kitaalamu ni kazi ndogo, kuwasha kitu ni kazi 05 na thamani FF00, kuzima ni 0000, mistari michache. Lakini Modbus haina nenosiri, haina kujitambulisha, yeyote aliyefika kwenye laini au kwenye poti 502 anaamuru na kifaa kinatii. Kuna toleo salama linalotumia TLS (usimbaji wa mawasiliano) kwenye poti 802, waraka wake ulitoka 2018, ila vifaa vya watu waliokuwa wanatuandikia havikuwa nalo. Upande mmoja ulisema programu ni ya mtu mwenyewe, kama anataka kuwasha pampu yake aachwe. Upande wangu ulisema programu hii ilijengwa kuchora grafu, ina ukurasa wa wavuti ambao watu wengi wanauacha wazi bila nenosiri kwa sababu ni grafu tu, na siku tukiongeza kitufe cha kuwasha pampu ule ukurasa unabadilika kuwa kitu kingine bila mwenye nao kujua. Na upande wa pili wa waya kuna mtambo, na huenda kuna fundi ameweka mkono ndani. Tukakubaliana msomaji aingie kwenye tawi kuu bila uwezo wowote wa kuandika, siyo umezimwa kwenye mipangilio, haumo kabisa. Anayetaka kuandika atalazimika kuleta nyongeza inayojitegemea, isakinishwe kwa makusudi, iwe na orodha ya rejista zinazoruhusiwa na kiwango cha chini na cha juu kwa kila moja.

Pachi ya hiyo nyongeza ipo, imeandikwa vizuri na mtu anayejua anachofanya, na maoni yangu kwake yako wazi mpaka sasa: kifaa kikishapokea amri halafu jibu likapotea njiani, nyongeza inarudia kutuma. Kwa rejista ya kuweka kiwango haina neno, ukiandika 50 mara mbili inabaki 50. Ila kuna vifaa vyenye rejista za aina ya kitufe, kila ukiandika 1 kinasogea hatua moja, na hapo kurudia ni kusogeza mara mbili. Nimependekeza kurudia kuzimwe kabisa kwenye kuandika, na baada ya kila amri isomwe rejista ya hali kuona kilichotokea. Yeye anasema itafanya matumizi ya kawaida yawe ya polepole. Tunaendelea kuzungumza.